Shada Nililoliacha Ukutani

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Ni siku niliyosimama kwenye korido ya nyumba ya kupanga, hapa hapa Birmingham, nikasoma barua ya watu wa kwetu wakiomba watumiwe majivu yangu.

Usicheke kwanza. Mama yako alinipigia simu juzi. Sister Akinyi, nesi aliyewahi kuniuguza, si mtu wa kulalamika, ni mtu wa Kisumu kama mimi, lakini nilisikia sauti yake inakatika. Aliniambia umepata kazi kwenye televisheni, unaigiza kijana aliyekufa, na tangu uipate simu zake huzipokei. Wiki ya tatu sasa. Basi kaa usome polepole. Najua Kiswahili unakielewa ingawa unatujibu kwa Kiingereza, na ukikwama kwenye neno muulize yeye, itakuwa sababu nzuri ya kumpigia.

Mimi ni mtoto wa duka. Baba aliuza vitambaa Kisumu, akafa tungali wadogo, mama akatulea mimi na kaka yangu Ramesh. Mwaka wa 1968, Wahindi wengi wenye pasipoti za Uingereza walipofungasha, nami nilifungasha. Siku ya kuondoka mama hakulia. Alinishika masikio yote mawili, kama alivyonishika nilipokuwa mtundu, akasema, "Kanti, sitaki zawadi. Kila mwezi niandikie barua moja, nijue u hai." Nikaapa. Alibaki na picha yangu niliyopigwa studio nikiwa na tai ya Ramesh, nywele zinang'aa mafuta, akaiweka juu ya kabati. Nakala ya pili nilikuja nayo huku.

Nilipata kazi kiwandani Nechells, na Jumamosi nikawa naenda Handsworth kwenye kikundi cha maigizo cha Wahindi. Hapo ndipo nilipomjua Mzee Vasant. Huyo alikuwa mwigizaji kwelikweli. Alianza sinema Bombay tangu hazijapata rangi, akacheza mahakimu, madaktari na akina baba wanaofia mikononi mwa binti zao. Alipozeeka alikuja kukaa na binti yake Sparkhill, na kulipoanzishwa michezo ya kwetu kwenye televisheni, ya Jumapili asubuhi, wakamwita aigize na atufundishe sisi wageni. Alikuwa mkali. Ukimkatiza mwenzako hakugombezi, anakutazama tu mpaka unatamani kuingia chini ya zulia. Nilimpenda na nilimwogopa, na kichwani nilijiona nitampita.

Nafasi yangu ya kwanza ilikuwa ya mume aliyefariki. Onyesho moja nacheka na mke wangu, halafu basi, nabaki picha ukutani. Sasa lazima nikueleze jambo. Kwetu, picha ya mtu aliye hai haivishwi shada la maua. Fremu ikishavishwa shada, kila anayeingia ndani anajua huyu ameshakwenda, na kwa adabu haulizi kitu. Ndiyo maana waigizaji wa zamani walikuwa na miiko yao, na Mzee Vasant alinieleza miiko hiyo tukinywa chai.

"Usiwape picha iliyokaa nyumbani kwenu," alisema. "Piga nyingine, ya kazi hii tu. Wakimaliza, shada ulitoe wewe, kwa mkono wako, ucheke kwa sauti watu wote wasikie. Kisha nenda ukamwandikie mama yako."

"Mzee, hii ni karatasi na gundi tu," nilimjibu.

Aliweka kikombe chini. "Mimi nimekufa mara nyingi, kijana, na kila mara nimejivua mwenyewe. Kazi yetu humfanya mtu aonekane mahali ambapo hayupo. Kwa hiyo watu wako lazima wajue ulipo."

Nikatia pamba masikioni. Kupiga picha nyingine niliona uvivu, nikawapa ile ya studio ya Kisumu.

Tulirekodia mchezo sebuleni kwa mjane mmoja wa Handsworth, mzee sana, tukimwita Ba Shanta. Ba ni bibi, kama nyinyi Waluo mnavyosema dani. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Alikaa pembeni siku nzima akiangalia mafundi wanavyopigilia msumari na kuning'iniza sura yangu, na shada la maua ya karatasi ya rangi ya chungwa. Mchana nikasikia kuna mtu wa sinema kutoka Bombay amefikia hoteli mjini, anatafuta sura mpya. Tulipomaliza tu nikakimbilia basi, poda ikiwa bado usoni. Mzee Vasant aliniita jina mara mbili kutoka mlangoni. Nilimsikia vizuri sana mara zote mbili.

Yule mtu wa sinema sikumkuta. Shada nililiacha ukutani.

Mchezo ulipendwa, wakauendeleza. Kila mara yule mke wangu wa mchezoni anakaa chini ya picha, anaizungumzisha, watu majumbani wanalia. Mimi sikuitwa tena. Nilipokwenda kuuliza, mwongozaji alinijibu kwa upole kwamba picha inatosha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya uigizaji, mwanangu: miaka miwili ya kujulikana na kila Mhindi wa mji huu, na hakuna aliyesikia sauti yangu. Mwanzoni nilivimba kichwa hata hivyo. Nilipita Soho Road nikitegemea watu waniite. Hawakuniita. Mama wa duka la mboga aliyezoea kunitania alianza kuweka mfuko wangu juu ya meza na kurudisha mkono haraka, ili vidole vyetu visigusane. Mtoto mmoja alimvuta mama yake nguo akasema, "Yule wa ukutani," na mama akamfunika macho.

Nilijiambia ni ushamba wao. Lakini kiwandani, ambako Waingereza hawakuujua mchezo ule, msimamizi alituhesabu asubuhi moja akakosa mtu. Akahesabu tena. Nilikuwa nimesimama mbele yake, karibu kiasi cha kumgusa, nikasema, "Nipo." Aliruka kama mtu aliyemwagiwa maji. Ndani ya basi kondakta alinipita bila kunidai nauli, akamdai wa mbele yangu na wa nyuma yangu. Na kikohozi kikanianza, kikavu, cha saa za alasiri tu, ambacho hakuna dawa iliyokipunguza. Niliogopa, mwanangu. Nilikuwa nakaa mbele ya kioo nikitamka jina langu.

Na barua za mama? Mchezo ulipokwisha, mwezi wa kwanza niliruka kwa sababu nilitaka kumwandikia nikiwa na habari kubwa. Wa pili nikaona haya kwa kuruka wa kwanza. Baada ya hapo haya yalizidi kila mwezi, na barua zake nikawa nazisoma na kuzifungia kwenye droo. Halafu zake nazo zikakoma. Nakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu: zilipokoma nilishusha pumzi.

Siku ile ya barua ilikuwa Jumamosi mchana, baridi imeuma madirisha. Mwenye nyumba wangu, Bwana Gurdip, Kalasinga wa Nairobi, alinigongea. Alinikazia macho usoni, kisha akanitazama miguu.

"Kanti, hii barua imekuja kwa jina yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha biashara. "Lakini maneno iko yako. Soma wewe. Mimi nashindwa."

Mwandiko ulikuwa wa Ramesh. Alimshukuru Bwana Gurdip kwa kumtunza marehemu ndugu yake katika nchi ya watu. Akaeleza kwamba mtu wa Kisumu alikuja Handsworth harusini, akakaribishwa chai kwa Ba Shanta, akaiona picha. Aliijua, kwa sababu alikuwa ameiona miaka yote juu ya kabati la mama. Hakuuliza kitu. Angeuliza nini, na shada limeshasema? Akarudi na pole zake mpaka mlangoni kwa mama, na mama alikuwa na miezi kumi na mmoja bila barua yangu. Wakakaa chini siku kumi na tatu za matanga. Wakafanya kila kinachofanywa. Sasa waliomba majivu tu, wayatie ziwani, mama apumzike.

Nilikwenda posta nikapiga simu ya maandishi: NIKO HAI. Karani aliniangalia mara mbili. Kisha nikaenda Sparkhill kumchukua Mzee Vasant, kwa sababu peke yangu nisingethubutu kwenda Handsworth.

Ba Shanta alifungua mlango, akamkaribisha Mzee Vasant kwa heshima, nami nikafuata nyuma. Mchezo ulikuwa umekwisha zamani, mafundi walikuwa wameondoa taa na nyaya zao, ila mimi nilikuwa pale pale. Shada lilikuwa jipya. Alimwonyesha sanduku chini ya picha, akalifunua: mashada ya karatasi, yamekunjwa vizuri moja juu ya jingine, yamejaa mpaka juu.

"Nambadilishia kila wiki," alisema. "Picha yenye shada haiachwi hivi hivi. Waliondoka wakamsahau, maskini, na mimi siwezi kumvua, si ndugu yangu." Akainamisha kichwa kuelekea ukutani. "Siku hizi anakohoa sana. Saa za alasiri."

Mzee Vasant alinishika bega. Sikuwa nimemwambia yeye wala mtu mwingine habari za kikohozi.

"Toa," alisema. "Wewe mwenyewe."

Nililitoa. Lilikuwa jepesi, na lilikuwa na joto, kama kitu kilichovuliwa shingoni sasa hivi. Nikajaribu kucheka kama alivyonifundisha, kikatoka kilio. Ba Shanta akageuka na macho yake mabovu, akauliza, "Nani huyo mwingine?" Mpaka muda ule alidhani Mzee Vasant amekuja peke yake.

Kikohozi kilikoma siku ile. Sijui. Ilikuwa baridi ya Januari na mapafu yangu yalikuwa yamejaa vumbi la chuma, jielezee utakavyo. Lakini hayo si ya kukutisha. Linalonitisha mimi lilikuwa Kisumu.

Nilifika baada ya wiki tatu. Ramesh alinikumbatia mpaka akaniumiza, akalia, akanipiga kofi, akalia tena. Mama alikuwa amekaa sebuleni. Juu ya kabati picha yangu ilikuwa na shada, maua ya kweli, ya asubuhi ile. Nilipiga magoti nikagusa miguu yake. Aliniwekea mkono kichwani kwa upole, kama unavyomfanyia mtoto wa jirani, akasema, "Karibu, baba. Umetoka mbali." Akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na sahani mbili. Ya kwanza aliipeleka uani akawamwagia kunguru wali na maziwa, kama wanavyolishwa marehemu wetu. Ya pili aliniwekea mimi mezani.

Nilisimama nikanyoosha mkono nilivue lile shada. Nilijua cha kufanya, nilikuwa nimeshafundishwa.

"Usiguse," mama alisema. "Hiyo ni ya mwanangu."

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Akili zake zilikuwa timamu, duka aliliendesha, majirani aliwatania. Kila mwezi nilimwandikia, na Ramesh alimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kijana mwema huyu. Mama yake ana bahati." Kwa jina langu hakuniita tena. Alikuwa amelia mpaka akamaliza, mwanangu, na mtu akishamaliza kulia, hata ukirudi unakuta nafasi imefungwa.

Basi nasaha yangu ni hii, na si ya kukukataza kazi. Igiza. Nimeambiwa una kipaji. Lakini picha watakayoivisha maua isiwe ile iliyo nyumbani kwa mama yako. Wakimaliza, ondoa kwa mkono wako kila walichokuvika, uwe mchafu, uchelewe, likupite hata jambo kubwa. Mkubwa wako akikuita kutoka mlangoni, geuka. Na habari zako ndogo usizirundike ukingoje kubwa. Mama hangoji mafanikio, anangoja kujua u hai, na hawezi kungoja siku zote. Kuna siku ataacha, na hutaijua ni ipi.

Mungu akuzeeshe, mwanangu. Ufe mara mia mbele ya kamera na kila mara uinuke ukicheka. Mlango wa Sister Akinyi usikuone mgeni hata siku moja, na jina lako likae mdomoni mwake mpaka mwisho wa siku zake. Sasa weka karatasi hii chini umpigie, akuite nalo.