Machicha ya Dawa Yaliyookoa Vidole Vyangu

Mkono wangu wa kulia ulilazwa chini ya kisu changu mwenyewe cha kukatia dawa, na mteja wangu ndiye aliyeshika mpini.

Sitanii.

Naitwa Ruan Dezhong. Nina duka la dawa za asili chini ya milima ya Dabie, na kazi yangu kubwa ni lingzhi, ule uyoga mwekundu mgumu kama ubao. Naukata vipande vyembamba kwa kisu kilichofungwa kwa bawaba kwenye gogo. Bila vidole hivi mimi si kitu.

Asubuhi ya siku ya soko, Kou Tieshan akafungua mlango kwa teke. Huyu bwana ni mchinja nguruwe, mikono minene kama mapaja. Nyuma yake mkewe, Suyun, kajifunga kitambaa kichwani, macho chini.

"Wewe tapeli! Umempa baba yangu magome ya miti badala ya lingzhi! Tangu juzi anatapika tu!"

"Kaka Kou, tulia kwanza tuonge..."

Ngumi.

Jino moja nililitema, la pili sijui lilikoenda. Akanikanyaga mbavu, akanikokota kwa ukosi mpaka kwenye gogo, akaulaza mkono wangu chini ya makali.

Majirani wamejaa mlangoni, hakuna anayethubutu kuingia. Waoga wakubwa, na chai yangu wanakunywa kila siku!

Kisu kikazama kwenye ngozi. Damu ikatiririka. Nililia, siwafichi.

"Machicha!" nikapiga kelele. "Katazameni machicha!"

Kwetu dawa ikishachemshwa, machicha humwagwa barabarani wapita njia wayakanyage, ugonjwa uondoke nao. Jirani mmoja akakimbia hadi mbele ya nyumba ya Kou, akarudi na konzi moja ya machicha.

Vipande vilikuwa vyangu, nilivikata mwenyewe. Lakini vilikuwa vyeusi tii.

"Hivi vimechemshwa kwenye sufuria ya chuma," nikasema. "Nilisema chungu cha udongo tu! Chuma kinaharibu dawa, hata mtoto anajua!"

Tieshan akaachia mpini. Nikashusha pumzi. Nilifurahi kabisa, mjinga mimi.

Maana alimgeukia mkewe. Kofi lilimrusha Suyun mpaka kwenye droo za dawa.

"Unataka kumuua baba yangu?" Akamkamata nywele, kitambaa kikaanguka.

Juu ya sikio alikuwa na jeraha bichi, refu kama kidole.

"Chungu tulikuwa nacho," Suyun akasema, mdomo umejaa damu. "Si ulinipasulia kichwani juzi? Ulitaka nichemshie dawa ya baba wapi, mkononi?"



Tieshan akainua ngumi tena. Mazoea yana tabu.

Sikufikiri. Nilichukua mchi wa jiwe nikampiga nao kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulilia, naye akaenda chini anabweka.

Suyun hakumtazama. Alijifunga kitambaa chake upya, akaniambia, "Daktari, niazime chungu. Mzee hajanywa kitu tangu jana."

Nilimpa.

Ndugu zangu, mwepesi wa ngumi huvunja vitu asivyojua kuwa atavihitaji kesho. Hilo ni la Tieshan.

Langu linauma zaidi. Niliokoa vidole vyangu kwa kumtupia simba mwanamke wa watu, na kitambaa chake nilikiona tangu anaingia. Ilinipasa kumuuliza kwanza chungu chao kiko wapi.