Picha Niliyoimalizia kwa Mdomo

Siku yangu ya kwanza kazini Mwenye Banda alinikabidhi kipaza sauti ambacho waya wake ulikuwa umefungwa kwa plasta ya kidonda, akanionyesha runinga iliyopandishwa juu ya makreti ya soda, akasema picha ni ya Kichina na inaanza sasa hivi. Nikamwambia sijui Kichina. Akanitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

"Na hawa wamekuja, wao wanajua?" akauliza. "Ongea tu. Wakinyamaza, umepata. Wakianza kuulizana, umekosa."

Hiyo ndiyo semina pekee niliyowahi kupewa katika kazi ya kutafsiri video. Ninyi mliozaliwa na simu mkononi itabidi niwaeleze. Banda la video hapa Kakamega lilikuwa nyumba ya mabati yenye mabenchi, madirisha yake yamezibwa kwa magunia ili jua lisiingie. Picha zilikuja kwenye kanda, na kanda zilichezwa kwa mashine iliyoitwa deki. Ndani ya deki mlikuwa na kichwa, yaani kidude kinachosoma mkanda, na kikishika vumbi skrini yote inajaa chengachenga. Basi unakisafisha kwa spiriti na kitambaa huku watu wanakupigia miluzi. Mtafsiri alikaa kando ya runinga akawasemea wote waliomo, wanaume, wanawake, watoto, na siku nyingine hata farasi.

Asubuhi, kabla watu hawajaingia, nilikuwa napitisha mkanda. Kupitisha ni kuutazama mara moja bila sauti ili ujue nani mwema, nani mbaya na nani atakufa. Ukishayajua hayo matatu, yaliyobaki unayajaza mwenyewe, na huko kujaza ndiko kazi yenyewe. Mchina akisema neno moja nami nikasema kumi, sikusikia hata siku moja mtu akilalamika kwamba yamezidi.

Nayaeleza haya kwa sababu nimekasirika. Mjukuu wangu Mercy, mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, aliniletea runinga pana kama meza ili uzee wangu uwe na raha. Nimeitazama mwaka mzima, na raha yenyewe sijaiona. Kuna tamthilia moja ina vipindi vingi kuliko siku za likizo ya Mercy, na mpaka leo yule tajiri hajaambiwa kwamba mtoto si wake. Mimi ningemwambia kabla watu hawajamaliza njugu. Kuna zile za ng'ambo zilizotiwa sauti za Kiswahili: mwanamke anapata habari mbaya, kamera inamwendea usoni mara tatu, kisha wote wanaganda hapo kama wanaopigwa picha ya kitambulisho. Kuna za wapelelezi, ambao wakiingia nyumba ya watu hawawashi taa. Wana vitochi vyao, nami nimekaa hapa nalipiwa stima nitazame giza. Picha za karate za siku hizi watu wanaruka juu ya nyumba wanatua bila hata kushika kiuno. Wale wa zamani walianguka kweli, ukimtazama vizuri unaona anachechemea mpaka mwisho.

Na zetu za Nairobi ndizo zinaniudhi zaidi, kwa kuwa ni zetu. Watu wazuri, wamevaa vizuri, wanakaa kwenye kochi wanaulizana "unamaanisha nini?" kuanzia mwanzo mpaka majina yanapanda. Hakuna anayekwenda shamba, hakuna anayepika, hakuna hata mwenye mafua. Nikiyasema haya Mercy anapandisha sauti ya runinga. "Kuka, wacha niskize," ananiambia, maana babu kwetu ni kuka, kana kwamba kuna kitu cha kusikiliza.

Basi, turudi kazini. Kutoka mjini nilihamia Iguhu, ambako mkubwa wangu alikuwa Mzee wa Kanisa. Alipenda picha za Kihindi kuliko chai, lakini alinipa daftari kubwa niliweke mbele ya skrini kila mtu na mchumba wake wanapokaribiana. Nilikuwa naongea na daftari dakika nzima, nikieleza kwamba wapendanao hawa sasa wanasoma barua kutoka nyumbani. Wahindi wa Iguhu waliandikiana barua nyingi sana. Huko nilikaa mpaka paa lilipong'olewa na upepo, nikachukuliwa Butali na Mwenyekiti wa klabu ya wakata miwa.

Butali ndiko nilikoijua kazi. Banda letu lilikuwa karibu na kiwanda cha sukari, na picha ilikuwa lazima iishe kabla ya king'ora cha zamu. King'ora kikilia, mabenchi ya mbele yote yanaondoka hata kama shujaa bado yumo kisimani. Kwa hiyo nilijifunza kuruka, yaani kuupeleka mkanda mbele kwenye nyimbo na kwenye watu wanaopanda ngazi. Mwenyekiti hakuwa na mzaha na jambo hilo.

"Mtu akienda zamu na picha haijaisha," aliniambia, "mawazo yake yanabaki hapa na mkono wake unaingia kwa mashine. Maliza. Sijali unamaliza aje."

Sasa sikilizeni kosa langu, kama ni kosa. Alasiri moja ulifika mkanda mpya kutoka mjini, umechelewa, sikupata nafasi ya kuupitisha. Lugha yake mpaka leo siijui. Ulikuwa wa ndugu wawili wakulima wa mpunga. Ghala la mkubwa linaungua, naye anamshuku mdogo wake, na kijiji kizima kinamshuku pia. Nilitafsiri vizuri mpaka pale mkubwa aliposimama kwenye majivu, mundu mkononi. Hapo deki ikaula mkanda. Skrini ikawa buluu tupu, na dakika za king'ora zilikuwa zimebaki chache.

Kwenye benchi la pili alikaa Makokha, mkata miwa mwenye shamba lake mwenyewe. Miaka mitatu kabla ya siku hiyo miwa yake iliteketezwa ikiwa imekaribia kukatwa. Miwa ikishaungua inataka lori haraka, la sivyo utamu unaisha na inabaki kuni, na lori la Makokha halikuja. Alisema aliyewasha ni Ambani, mdogo wake wa tumbo moja. Tangu hapo hawakusalimiana. Mama yao alipozikwa, mmoja alisimama upande huu wa kaburi na mwingine upande ule, na watu wote waliona. Nilimtazama Makokha pale benchini, ameinama mbele, viwiko magotini, anaingoja skrini ya buluu imwambie kitu.

Nikashika kipaza sauti nikamaliza. Nilisema yule mdogo hakuchoma. Cheche ilitoka jikoni kwa mkubwa mwenyewe ikabebwa na upepo, na bibi jirani aliyeiona alikuwa mgonjwa, amepona leo ndiyo maana anasema leo. Mkubwa akatupa mundu, akachukua kuku, akaenda kwa mdogo wake, wakala obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku wa kwetu, mpaka jua likazama. Watu wakacheka kusikia kwamba huko mbali nako wanakula obusuma. King'ora kikalia, wakatoka.

Wiki hiyohiyo Makokha alionekana akivuka kijito na kuku kwapani, akienda kwa Ambani. Tangu siku hiyo wamekuwa pamoja. Wamelima na fahali walewale, wamesimamiana harusi za watoto, na kila harusi Makokha alisimama akasimulia ile picha iliyowapatanisha. Nimekula kuku wengi kwa ajili ya picha hiyo. Baadaye zikaja sidii zenye tafsiri tayari ndani yake, kisha simu, mabanda yakageuzwa maduka ya mbolea, nami nikastaafu bila barua wala saa ya ukutani. Sikuhuzunika sana. Nilijiambia kwamba kazi yangu ilirudisha ndugu wawili pamoja, na wenye ofisi wangapi wanaweza kusema hivyo?

Mwaka huu Mercy akaitafuta picha ile kwenye mtandao. Nilimwambia tu kwa kupoteza wakati: ndugu wawili, mpunga, ghala linaungua. Akaipata, nzima, na maandishi ya Kiingereza chini. Tukaitazama mimi na yeye. Mdogo alichoma. Alichoma kwa makusudi, kwa dumu la mafuta ya taa, na mkubwa akamkata kwa mundu mama yao akiona. Niliketi pale nimekasirika mpaka chai ikapoa. Huo ni mwisho mbovu, nao haukuniudhi kwa sababu unahuzunisha. Ni uvivu tu. Mtu ameshukiwa saa nzima, halafu aliyeiandika anatuambia ndiyo, ni yeye, nendeni nyumbani.

Kumbe Mercy alikuwa ameshamwambia Makokha kanisani. Makokha akanipigia simu kwa furaha. Ambani alikuwa ametoka hospitali, hajapata nguvu, na ingekuwa vizuri waje Jumapili waitazame picha yao pamoja. Nikamwambia stima inasumbua. Akasema watangoja. Nikasema runinga ina shida. Akasema ana fundi. Nikamwomba Mercy awaambie imefutwa, naye akakataa katakata.

"Kuka, siwezi danganya wazee," akasema. "Lakini naweza kuisimamisha pale mkanda ulikatika."

Tukakubaliana hivyo. Sikulala vizuri wiki nzima. Wazee wawili wamekula pamoja nusu ya maisha yao kwa neno langu, na mmoja wao ni mgonjwa. Wakiachana sasa, hakutakuwa na miaka ya kurudiana.

Jumapili wakaja baada ya ibada, Ambani amejifunika blanketi ndogo miguuni. Niliondoa sauti nikakaa kando ya runinga, mahali pangu, nikatafsiri. Sauti yangu imekwisha, ya wanawake haitoki tena, lakini walicheka palepale watu walipocheka zamani. Mkubwa akasimama kwenye majivu. Nikakohoa. Mercy akabonyeza, picha ikasimama.

Makokha akainua mkono. "Wacha iende, mwalimu," akamwambia Mercy. "Siku ile tulifika hapa. Nataka kuona mbele."

Mercy akanitazama, kisha akabonyeza tena. Picha ikaendelea, ikarudi nyuma kwenye siku ya moto. Nikaanza kusema mdogo anakimbia kwenda kuita majirani, huku mdogo mwenyewe yuko mbele yetu anamimina mafuta ukutani.

"Mtafsiri, nyamaza kidogo," Makokha akasema kwa upole. "Macho tuko nayo."

Nikavuta kiti changu nyuma. Ghala likashika moto. Ndipo Ambani akasema, bila kugeuza uso kutoka kwenye runinga, "Ndugu yangu, ile miwa ni mimi nilichoma."

Nilitamani stima ipotee wilaya nzima. Makokha hakushtuka. Alivuta blanketi iliyokuwa imeteleza, akaifunika tena miguu ya mdogo wake.

"Najua," akasema. "Nilijuanga hiyo siku yenyewe. Ulipita kwangu na shati inanuka mafuta ya taa."

Hapo hasira ikanishinda. Nikamuuliza kama alijua, kwa nini basi aliamini picha yangu, kwa nini amenifanya nikae nayo moyoni wiki nzima, kwa nini ameisimulia kwenye harusi zote hizo.

"Lakini Mtafsiri, skrini ilikuwa buluu," akasema. "Sisi wote tuliona mkanda imekatika. Nilijua unatoa hiyo maneno kwa kichwa yako. Ni vile nilikuwa nimechoka kukasirika, na katika watu wote hakuna mwingine alikuwa ananiambia niende."

Ambani alivua kofia akajifunika nayo uso. Mabega yalimtikisika, na Makokha akaacha mkono wake juu ya goti lake. Nilikuwa nimestaafu nikijisifu kwamba niliwadanganya watu wangu vizuri, na nikawa naomba wafe bila kujua. Makokha alijua tangu benchini, akachukua alichokihitaji akaenda nacho nyumbani.

Kwenye skrini mkubwa alikuwa anainua mundu. Nikachukua rimoti nikazima. Mercy akaleta chai, tukanywa, na hakuna hata mmoja wao aliyeuliza picha iliishaje.