Kanga Iliyoziba Bloa

Harufu ya mbata iliyochanganyika na dizeli hunirudisha Msambweni, kwenye kinu cha mafuta ya nazi ambako Baba alikuwa fundi wa injini, miaka ile ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka kumi. Baba alikuwa na wake wawili. Mimi ni wa mke mkubwa. Mejumaa, mdogo wangu kwa miezi minne tu, ni wa mke mdogo. Nasema bila haya: nilimwonea wivu mtoto yule. Sikumwonea kwa sura wala kwa mavazi, kwani Baba alituletea doti moja ya kanga akaigawa, kila mmoja upande wake, maua yale yale mekundu. Nilimwonea kwa sababu ya bloa.

Injini ile ilikuwa ya mapigo mawili. Injini nyingine, Baba alitueleza, hupata nafasi ya kuvuta pumzi. Hii, kila pistoni ikishuka imesukumwa na moto, basi haina wasaa wa kunyonya hewa. Ndiyo maana ilifungiwa bloa ubavuni, kasha la chuma lenye rota mbili zilizosokotwa, zikizungushwa na gia za injini yenyewe. Rota hizo zilisukuma hewa safi ndani ya silinda kwa nguvu, nayo ikaufukuza moshi nje. Zilipaswa kukimbia karibu karibu bila kugusana. "Kama wake wenza wenye adabu," Baba alipenda kusema, akicheka peke yake. Kila alipoifungua kuisafisha, alimwita Mejumaa apitishe kibati chembamba cha kupimia nafasi kati ya rota, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mtulivu. Ni yeye pia aliyepangusa vumbi kwenye wavu wa kuingizia hewa. Mkono wangu ulitetemeka, nikaambiwa nikaanike mbata. Mimi, mtoto wa mke mkubwa!

Asubuhi moja, kabla injini haijawashwa, niliufunika wavu ule kwa kanga yangu nikaikaza vizuri. Nilitaka injini ikohoe kidogo tu, Mejumaa alaumiwe. Iliwaka, lakini kinu kilipoanza kukamua ikaishiwa nguvu, na moshi mweusi ukatanda hadi barabarani, maana dizeli iliingia bila hewa ya kuiunguza. Baba alikimbia kuizima. Alipoivuta kanga, wavu ulikuwa umebonyea. Ungepasuka, alisema, rota zingeila nguo ile, bloa ingekufa na kazi yake ingekwenda nayo. Akamgeukia Mejumaa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema polepole. "Mwanangu, hii si kanga yako?"

Mejumaa alinitazama mimi, kisha akatazama chini. "Nisamehe, Baba."

Tangu siku ile hakuitwa tena kwenye injini, na kibati nikapewa mimi. Nilijaribu mara mbili. Mara ya tatu Baba alikichukua mkononi mwangu, akapima mwenyewe. Mama nilimwambia kanga yangu imepeperushwa na upepo.

Siku hizi mjukuu wangu ana pikapu yenye turbo. Turbo nayo husukuma hewa kama bloa ile, ila haihitaji hata gia, inazungushwa na moshi ule ule unaotoka kwenye injini. Mwezi uliopita alinipeleka nayo Galu kumjulia hali Mejumaa, ambaye magoti yamemshinda. Nilikuwa nimekwisha kuamua. "Mejumaa," nilianza, "ile kanga ya kinuni..." Hakuningoja nimalize. Alimtuma mjukuu wake sandukuni, akarudi na kanga iliyokunjwa, maua mekundu hayajapauka hata kidogo, haijavaliwa tangu siku ile.

"Yangu hii hapa, dada," alisema. "Ningeileta siku ile, Baba angejua."

Aliniwekea mapajani, na mkono wake haukutikisika hata kidogo. Nilikuja na machozi yangu ya toba tayari. Mungu anisamehe, kilichonipanda kilikuwa wivu ule ule.