Mama Chapa na Funguo za Mtaa Mzima

Kazi ya kuchapa aliianza akiwa na miaka kumi na tisa, barazani nje ya mahakama, kwa taipureta ya kuazima ambayo herufi ya R ilikuwa ikikwama mpaka uipige mara mbili. Watu walimletea shida zao zikiwa zimekunjamana kama nguo za kufua, yeye akazinyoosha zikawa barua. Alichapa madai ya viwanja, maombi ya kazi, talaka, na barua za kuomba radhi za watu ambao ukiwatazama usoni unajua hawajajutia kitu. Jina la Mama Chapa alilipata hapo. Mtoto wake wa kumzaa ana jina jingine kabisa, na hajawahi kuufurahia undugu huo na mashine.

Sifa yake kubwa haikuwa kasi ya vidole, ilikuwa mdomo. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na mtaa ule kata ilikuwa yeye, lakini hakumwaga hata tone. Mumewe, Mungu amrehemu, siku moja alimwona kaka yake mwenyewe akitoka kuchapiwa barua, akataka kujua inahusu nini. "Muulize kaka yako," alijibiwa, "mmenyonya ziwa moja." Walinuniana siku mbili, na habari ya ile barua haikujulikana.

Taipureta zilipopitwa na wakati alifungua duka. Kilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili za kompyuta, printa, shuka jeupe ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti, na mashine ya fotokopi iliyokula nusu ya nafasi. Kisha ukaja wakati wa kila ofisi kusema tuma kwa barua pepe. Wastaafu, wazazi wa wanafunzi, watafuta kazi, wote wakatakiwa wawe na anwani, na wote wakaenda kwa Mama Chapa. Kila aliyemfungulia akaunti alimwandika katika daftari la jalada gumu: jina, anwani, neno la siri. Neno lenyewe alilitunga yeye, jina la ukoo na mwaka wa kuzaliwa, lisimsumbue mtu. Kompyuta ilipouliza namba ya simu ya mwenye akaunti aliweka yake, maana wateja wake walibadilisha laini kama soksi. "Ukisahau, mimi nipo," aliwaambia. Nao wakasahau wote, tena kwa moyo mkunjufu.

Usimcheke haraka. Huko alikokulia, mtaa mzima ulitumia sanduku moja la posta, la shule, na ufunguo alikaa nao mwalimu mkuu. Barua ya fulani ikija, yeyote aliyekuwa akipita upande huo aliichukua akaipeleka, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa Mama Chapa barua pepe ilikuwa sanduku lile lile, ila sasa mwalimu mkuu ni yeye. Mume alimchukulia mkewe barua, mtoto alimchukulia baba. Yeye alichojali ni kutosema. Aliamini siri hutokea mdomoni, na wa kwake ulikuwa umefungwa.

Sasa tuje kwa Mama Pacha. Huyu alikuwa mfanya usafi katika wodi ya wazazi, na kwa miaka minane ya kupiga deki chini ya vitanda alikuwa amejifunza mengi kuliko baadhi ya waliovaa makoti meupe. Aliomba nafasi katika chuo cha uuguzi. Kilikuwa katika mji wa mbali, cha kulala huko huko, na hakikupokea mtu aliyezidi miaka thelathini na tano. Yeye alikuwa na thelathini na nne. Maombi yake aliyachapa Mama Chapa, na siku ya kuyatuma Mama Pacha alisema kwa sauti ya chini, "Mama, nyumbani bado sijasema. Nataka nikisema niwe na barua mkononi."

"Mimi ni kaburi," Mama Chapa alimjibu, na alimaanisha.

Wiki kadhaa baadaye, Jumanne asubuhi, Baba Pacha aliingia dukani. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu mpole, mikono yake ina madoa ya cheche hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Baba Pacha. Mama watoto hajambo?"

"Hajambo, yuko zamu. Kanituma nimtazamie barua yake ya chuo."

Mama Chapa alisikia neno chuo, akafurahi moyoni kwamba mwenzake hatimaye amesema nyumbani. Hakujua kwamba fundi alilidaka neno hilo kwa mkewe alipokuwa akiongea na dada yake kwenye simu, tena nusu nusu. Mama Chapa alifunua daftari, akaandika anwani, akaandika neno la siri, akamvutia mgeni kiti. Hapo hapo akaingia mzee wa kupigwa picha ya pasipoti, mzee ambaye kila akitazamwa na kamera alifumba macho. Zoezi hilo lilikula dakika kumi. Alipogeuka, Baba Pacha alikuwa amesimama.

"Bado haijaja, mama. Asante."

Jumamosi Mama Pacha alikuja, hakukuta kitu. Jumatano iliyofuata akaja tena, hakukuta kitu. Siku hiyo akapiga simu chuoni akiwa pale pale dukani, na Mama Chapa alimwona akikaa chini taratibu, simu ikiwa bado sikioni.

"Wanasema niliwaandikia kwamba nimeghairi," alisema. "Wanasema walinipa nafasi, nikaikataa."

Mama Chapa alivaa miwani akaanza kupekua. Kwenye barua zilizofutwa walizikuta zote mbili. Ya kwanza ilikuwa ya chuo, ya kumkaribisha, inayomtaka athibitishe. Ya pili ilikuwa jibu la mistari miwili: *Nimeghairi. Nafasi yangu mpeni mwingine.* Ilitumwa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Mama Pacha alitazama ile saa bila kuelewa. Jumanne saa nne yeye alikuwa wodini. Mama Chapa alielewa mara moja. Ukweli wote ulikuwa kichwani mwake peke yake. Angeweza kusema labda ni mtandao, labda ni wezi wa huko mbali, siku hizi wamejaa, na mtoto wa watu angeamini. Tena angekuwa amefuata desturi yake ya miaka thelathini na zaidi, ya kutomwambia mteja habari za mteja mwingine. Alitamani sana kuifuata. Lakini kunyamaza kwa siku ile kungekuwa wizi, na yeye hakuwa mwizi.

"Ni mumeo," alisema. "Na aliyemfungulia ni mimi."

"Ulimpa paswedi?"

"Sikumpa. Niliiandika mwenyewe, nikamwachia kiti. Alisema umemtuma."

Mama Pacha hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Mambo yangu nilikupa wewe, mama," alisema. "Sikumpa mtu mwingine kupitia kwako."

Waliandika barua ya kueleza. Chuo kilijibu siku ya pili, kwa heshima zote: barua ya kughairi ilitoka katika anwani hii hii, watajuaje kwamba anayeandika leo ndiye, na wa wiki iliyopita siye? Mama Chapa aliisoma mara tatu akitafuta pa kuikosoa, asipate. Mama Pacha aliomba ruhusa kazini, akapanda basi, akaenda mwenyewe na kitambulisho chake. Walimsikiliza, wakamwonea huruma, wakamwambia nafasi imekwisha kwenda kwa mwingine. Aombe tena mwakani. Ungekuwa mwaka wake wa mwisho.

Nyumbani kwake yaliyosemwa yalisemwa, na sisi hatukuwepo. Mama Chapa yeye alikwenda karakana kumkabili fundi. Baba Pacha alipandisha miwani ya kazi kwenye paji la uso na kumpa stuli. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, pacha wana miaka mitano. Nani angebaki nao miaka mitatu?"

"Hilo ni la kuzungumza na mkeo."

"Basi mume na mke wana siri gani? Na mimi sikuvunja kitu. Ulinifungulia mwenyewe."

Mama Chapa aliinuka akamrudishia stuli. Alirudi dukani kwa miguu, jua kali, akiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira ile haikuwa juu ya fundi.

Kesho yake alianza kuwaita watu wa kwenye daftari, mmoja mmoja. Kila aliyekuja alitakiwa aweke namba yake ya simu na kutunga neno lake. Ungedhani anawafukuza. Mstaafu mmoja wa reli alikasirika waziwazi.

"Sasa nikisahau?"

"Utasahau cha kwako, mzee wangu."

"Mbona zamani ulikuwa unatuwekea?"

"Zamani nilikuwa nakosea."

Muuza mitumba wa kona alitunga neno lake kwa fahari, kisha akalitangaza kwa duka zima, ikabidi atunge jingine. Shangazi wa mwenye nyumba alikataa katakata. Alisema yeye ni mtu mzima, hana siri, asiletewe mambo ya vijana. Mama Chapa alimuuliza kama bafuni kwake kuna mlango.

"Upo."

"Unaufunga?"

"Nisiufunge nina wazimu?"

"Humo ndani unaficha nini?"

Shangazi alifikiri, akavuta kiti. Kila aliyemaliza, Mama Chapa alichana ukurasa wake akauchoma kwenye kopo nyuma ya duka. Aliyekuja akisema ametumwa na fulani alijibiwa sasa kwa sentensi moja: aje mwenyewe. Wapo waliosema amekuwa na maringo uzeeni. Wapo waliohamia kwa kijana wa njia panda, mwenye duka kama lake, ambaye huandika maneno ya siri ya watu ukutani kwa chaki. Aliwaacha waende. Majuto ni mjukuu, na wa kwake alikuwa ameshazaliwa.

Kilichomuuma ni kwamba Mama Pacha hakuonekana. Akipita alipita upande wa pili wa barabara, salamu ya kichwa, basi. Mama Chapa alijua tarehe ya mwisho ya maombi ya mwaka uliofuata kama mtu ajuavyo tarehe ya kesi yake. Zilibaki wiki tatu, zikabaki mbili. Hakuthubutu kwenda kumkumbusha.

Zilipobaki siku tisa, mchana, aliingia. Alikuwa na bahasha ya vyeti kwapani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Sijaja kwa kuwa nakuamini," Mama Pacha alisema akiwa bado amesimama. "Nimekuja kwa kuwa wewe umeshaungua. Yule wa njia panda bado."

"Ni sawa," alisema Mama Chapa.

"Nataka anwani mpya. Naandika mwenyewe. Nyumbani nimeshasema naomba tena. Apende, asipende, ameambiwa na mimi."

Alikaa. Alijaza jina lake kwa kidole kimoja, akaweka namba ya simu yake, akafika pale penye kudai neno la siri. Mikono ikasimama. Mama Chapa alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mahali aliposimama maisha yake yote ya kazi, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Mama," Mama Pacha alisema bila kugeuka, "tazama ukutani."

Hakuna mteja aliyewahi kumwambia hivyo. Aligeuka akatazama ukuta. Nyuma yake kidole kikaanza kubonyeza, polepole, kimoja kimoja, na masikio yake yaliyozoea mashine tangu ujana yakaanza kuhesabu yenyewe: moja, mbili, tatu, hiyo ni ya safu ya juu, nne. Hapo akanyoosha mkono akawasha mashine ya fotokopi. Ikanguruma bila karatasi, taa yake ikienda na kurudi juu ya kioo kitupu, naye akaiacha ingurume mpaka aliposikia Mama Pacha akisema, "Tayari."