Paa la Chumba cha Mama

Mpaka leo nikimsikia kaka yangu akijisifu kwamba anajua ujenzi, damu inanichemka.

Nilikuwa najenga chumba nyuma ya nyumba yangu hapa Brooklyn Park, kwa ajili ya mama aliyekuwa anakuja kutoka Mombasa. Magoti yake hayapandi ngazi tena. Tatizo lilikuwa dirisha la ghorofani. Paa la chumba kipya lilipaswa kuanzia chini yake, na nafasi hapo ilikuwa finyu. Fundi, Mmarekani mpole, alinionyesha kwa mkono.

"Vigae hivi vya lami vinataka paa lishuke angalau inchi mbili kwa kila futi. Kwa theluji ya huku, mimi ningeweka nne. Tulipunguze dirisha kwa chini, paa lipate kuanzia juu zaidi."

Nikasema sawa. Kaka, aliyekuwa amesimama nasi, akacheka.

"Dada, wewe ni nesi, haya tuachie wanaume. Dirisha likikatwa nyumba itafanana na banda la kuku. Inchi moja inatosha. Maji si yatashuka tu?"

Fundi alinitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akaandika inchi moja. Nyumba ni yangu, lakini aliyesikilizwa ni mwanamume.

Theluji ilipoanguka, mama akiwa ameshahamia, ililala juu ya paa lile, haikuteremka. Jua la Machi likaanza kuiyeyusha, lakini ukingoni palikuwa na barafu. Maji yakakosa njia, yakarudi nyuma na kupenya chini ya vigae. Mimi sikujua. Asubuhi moja nilitoka zamu nikamkuta mama amejikunyata kwenye pembe ya kitanda, beseni liko katikati ya godoro, kanga zimeanikwa kitini.

"Tangu lini, mama?"

"Siku nyingi kidogo. Sikutaka mgombane."

Nilitoka nje bila koti, nikasimama kwenye baridi. Ningebaki ndani ningemmwagia yeye hasira isiyo yake. Mama mtu mzima anahamahama kitandani usiku kucha ili mwanawe wa kiume asiambiwe amekosea.

Nilimpigia kaka. "Theluji ya mwaka huu imezidi," alisema. Nikamkatia simu.

Kisha nikamwita fundi. "Ulijua litavuja?"

"Nilijua," alijibu, macho chini.

"Basi safari hii unanisikiliza mimi."

Kiangazi fundi na wenzake walilibomoa paa, wakakata dirisha, wakaweka inchi nne. Chumba cha juu kimekuwa na giza kidogo. Msimu wa baridi uliofuata halikudondoka hata tone.

Siku ya Idi kaka alikuja kula pilau. Akatoka uani, akalitazama paa, akarudi mezani.

"Mwinamo ule ndio wenyewe. Niliwaambia."

Mama akanibana mkono chini ya meza ninyamaze, kama anavyofanya tangu tukiwa watoto. Niliutoa mkono wangu taratibu.

"Hukutuambia," nilisema. "Ulicheka."

Akainamia sahani yake. Mama naye hakunisemesha mpaka jioni.