Uso wa Bwana Seif

Siku ya kwanza kuingia ofisi ya jarida letu pale Khuwair ya Kusini, mjini Maskati, mapema miaka ya tisini, nilipewa wembe, gundi, na meza ya kioo yenye taa chini yake. Juu ya meza hiyo tukibandika vipande vya maandishi na michoro mpaka ukurasa ukae sawa, kisha ukipigwa picha na kupelekwa kiwandani. Nilisoma Bismillahi kabla ya kushika wembe, maana kilichokwisha kuchapwa hakifutiki.

Mkuu wa Michoro alikuwa Mhispania, Bwana Esteban, mtu mzima mwenye rangi katika ndevu. Kwao alikuwa mchoraji wa rangi za mafuta. Picha zake zilipokosa wanunuzi, akaingia kuchorea majarida hadithi za mapenzi na za wezi, na kazi hiyo ndiyo iliyomleta Maskati.

Akinambia, "Uso haubuniwi, Nassor. Uso unauokota."

Basi kila Alkhamisi, siku ya mapumziko, akenda sokoni Matrah na penseli yake, akiokota.

Wiki moja tulikuwa na hadithi ya mtu aliyekula mali ya mayatima. Bwana Esteban akaichorea. Jarida lilipotoka, mke wangu alilifungua nyumbani, akashika kifua.

"Huyu si Bwana Seif wa vitambaa?"

Mimi nilikuwa simjui. Yeye akinunua kwake tangu zamani, akanionyesha: kovu la kidevuni, jicho moja dogo kuliko jenziwe. Akaongeza kwa sauti ndogo, "Na kweli analea watoto wa marehemu nduguye."

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilipofika Matrah, wanawake walikuwa wamejaa dukani kwake.

"Bwana Seif, tupimie sawa! Usitule kama mayatima!"

Wakicheka. Yeye hakucheka. Nilipojitambulisha, aliniambia kuwa wajomba wa watoto wameshaanza kuuliza mali iko wapi, na wanataka kuwachukua.

Nilipomweleza, Mhariri Mkuu akaghadhibika. "Tutachapa maelezo kuwa mchoro si wa Bwana Seif. Na Esteban afunge mizigo yake."

Nikampeleka Bwana Esteban dukani kuomba radhi, mimi nikiwa mkalimani, nikamweleza na shauri la Mhariri Mkuu.

"Mchapishe nini tena?" Bwana Seif alisema. "Asiyeniona mwanzo aje anione sasa? Yakhe, wacheni! Mwambie mzungu wako kila Alkhamisi aje akae hapa mlangoni, tunywe kahawa, watu watuone."

"Mpaka lini, bwana?" nikamuuliza.

"Mpaka wachoke kutazama."

Mhariri Mkuu akakubali kungoja. Bwana Esteban akawa anakwenda, bila ya penseli, nami nikikaa pembeni. Watu walipita, wakanong'ona. Kisha Alkhamisi moja akaja mjomba mkubwa wa watoto, akasimama mbele yetu.

"Wewe ndiye uliyemchora mwizi?"

Bwana Esteban akainuka. Kiarabu chake kilikuwa cha kuchechemea, lakini hakungoja nimsaidie.

"Ndiye mimi. Huyu hana habari ya hadithi ile. Uso wake niliuchukua bila ya kumuuliza. Mwizi ni mimi."

Yule mjomba akamtazama juu mpaka chini. "Basi wa kukatwa mkono ni wewe!"

Bwana Seif akaangua kicheko, mara ya kwanza tangu jarida kutoka. "Mwache nao, shekhe! Atashikia nini kikombe?"

Mjomba naye akacheka, akaketi, akatiliwa kahawa. Watoto wakabaki kwa ami yao, Bwana Seif.

Baadaye zikaja kompyuta, Bwana Esteban akarudi kwao, na mimi nikashika nafasi yake mpaka nilipostaafu. Alhamdulillahi, kazi ile imenilisha na kunisomeshea wanangu. Lakini nyinyi mnaochora sasa nakwambieni, khofu haijanitoka. Bwana Seif tulimjua kwa sababu mke wangu akinunua kwake. Nyuso nyengine tulizookota, wenyewe hawakuja kulalamika, nasi hatukwenda kuwatafuta. Kila nikimaliza kusali huwaombea. Majina yao siyajui. Nyuso zao nnazo zote.