Boti ya Karani wa Stoo

Mume wangu alinunua boti siku ya Jumanne, akaja kuniambia Alhamisi. Anasema Jumatano alinikuta tayari nina hasira za mambo mengine, akaona si vizuri kunichanganyia.

"Boti gani?" nikamuuliza.

"Ya injini."

"Inatembea?"

Akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Ililetwa Ijumaa juu ya mkokoteni, wanaume sita wakisukuma na wengine kumi wakitoa ushauri. Ilikuwa boti ya faiba, ndefu kuliko chumba chetu cha kulala. Zamani ilikuwa mali ya hoteli moja ya kando ya ziwa iliyofungwa, kisha mtu akaigeuza banda la kuku, kwa hiyo ilitufikia na harufu yake na yai moja. Kiti cha dereva kilikuwepo. Cha abiria hakikuwepo. Palibaki matundu manne ya boliti, na manyoya. Bei ilikuwa ya kutupa, na muuzaji alipopokea pesa alimshika mume wangu kwa mikono miwili akamwombea heri, jambo ambalo lingemtia shaka mtu mwingine yeyote.

"Rahisi ghali," nikamwambia.

"Inahitaji matengenezo madogo tu," akasema, na kuku wa jirani akaruka ndani kana kwamba anarudi kwao.

Lazima mjue huyu ni mtu wa namna gani. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa stoo katika ofisi moja ya umma. Haikutoka balbu pale, haukutoka ufagio, bila saini. Alipostaafu walimpa zawadi ya saa ya ukutani, naye akawadai fomu ya kuipokelea. Kuogelea hajui. Maji mengi kuliko yote aliyowahi kuingia ni ya beseni.

Na alipostaafu, alikaa. Sisemi alikaa nyumbani. Nasema alikaa kwenye kiti. Kiti cha mbao chenye mikono, kando ya dirisha la sebuleni, na mto wa kijani nilioushona mwenyewe. Chai aliletewa pale. Redio alisikilizia pale. Mimi ni fundi cherehani, na baada ya miezi minne nilianza kuzipunguza suruali zake kiunoni. Kaka yake mkubwa alistaafu hivyo hivyo, akajikalia kwenye kiti barazani kwake, na mwaka wa pili hakuumaliza. Daktari alisema ni moyo. Mimi nilikiona kile kiti.

Basi boti ilipokuja nilipiga kelele mtaa mzima usikie, maana mke anayenyamaza mumewe akinunua banda la kuku ili asafirie, huchekwa yeye. Lakini Jumatatu asubuhi nilimkuta amenitangulia kuamka, anakunywa chai amesimama. Amesimama! Nikaingia chumba cha cherehani, nikalia kidogo kwa furaha, nikafuta machozi, nikatoka kumfokea.

Injini ilifunguliwa na fundi mmoja wa barabara ya juu, ambaye wateja wake walimpa jina la Taratibu, na si kwa upole wake. Alichungulia ndani, akanigeukia mimi kwa sauti ya kutoa pole.

"Shemeji, pistoni imeshikana."

"Na huyu naye," nikasema, nikimwonyesha mume wangu.

Desturi ya Taratibu ni kutupa kila boliti kwenye beseni moja na kumwachia Mungu. Mume wangu alipoona vile nusura azimie. Tangu siku hiyo kila kilichotoka kwenye injini, hata kinati, kilifungwa kikadi kwa uzi wangu wa kushonea: namba, tarehe, saini. Vilifika mia mbili na sita. Vilipangwa juu ya shuka sebuleni, na wageni wakawa wanapita kwa kujibana ukutani. Wifi yangu alikuja, akatazama, akanivuta pembeni.

"Wifi, kaka yangu amerogwa?"

"Kama karogwa," nikamwambia, "basi ametia saini."

Kila kitu kilitafutwa kwa bei ya chini. Pistoni ilitoka kwenye injini nyingine iliyokufa vizuri zaidi. Tangi la mafuta lilikuwa dumu. Kioo cha mbele kilikatwa kutoka kwenye dirisha la basi, bado kina maandishi ya kukataza kutoa kichwa nje. Kiti cha abiria tu ndicho kilichomshinda. Alikwenda dukani, akarudi amenuna.

"Abiria atasimama," akasema.

"Abiria ni nani?"

"Atajulikana."

Ilipita miezi saba. Suruali nilizozipunguza nikazifumua tena. Alinuka petroli, alikula kama mwashi, alibishana na Taratibu mpaka majirani wakaja kusuluhisha. Nami nilimfokea kila asubuhi bila kukosa, kama dawa.

Kisha Alhamisi moja Taratibu akanawa mikono, akasema, "Shemeji, Jumamosi tunaiwasha."

Wote wakafurahi. Mimi moyo ulinipasuka. Niliyaona yote: itawaka, ataizungusha ziwani mara mbili, ataiegesha, atarudi nyumbani. Halafu? Halafu kiti. Ijumaa asubuhi, mume wangu akiwa bafuni, niliinama kwenye lile shuka nikaokota kitu kidogo cha shaba chenye tundu kama la sindano, ambacho petroli hupitia. Namba mia moja na kumi na nne. Nikakitumbukiza kwenye kopo langu la vifungo. Sijawahi kuiba maishani mwangu, na siku hiyo sikuweza kutunga uzi mpaka mchana.

Jumamosi walikitafuta mpaka chini ya jiko.

"Labda kimeangukia ndani ya injini," nikawashauri kwa huruma. "Fungueni tena."

Wakafungua tena. Jumatatu Taratibu akasema inabidi kiagizwe kingine, ingawa kwa injini ya umri ule hajui kama kitapatikana. Mume wangu akatikisa kichwa.

"Tusubiri. Hakijapotea. Hakijaonekana tu."

Mwezi wa kwanza nilijipongeza. Aliipiga boti msasa upya, akaipaka rangi upya. Mwezi wa pili aliipaka tena, na rangi ilikuwa haijaomba. Kisha hakukuwa na kitu cha kupiga msasa wala cha kupaka. Alasiri moja nilitoka kumpelekea mteja gauni, narudi nikamkuta kwenye kiti, mgongo umezama kwenye mto wa kijani.

"Umechoka?"

"Hapana. Nimekaa tu."

Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nilimwekea chai mezani, akaniomba nimletee pale alipo. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimemwingiza mume wangu.

Nikaenda kulifungua kopo nikirudishe kile kitu kimyakimya, nikakipata chini ya vifungo, kikadi chake bado kimefungwa. Upande wa mbele: namba, tarehe, saini. Nikakigeuza. Nyuma palikuwa na mwandiko wa stoo, herufi zimesimama wima: *Kimeazimwa na mke wangu. Muda: mpaka atakaporidhika. Imeidhinishwa.* Na saini. Tarehe ilikuwa ya Jumapili, siku mbili tu baada ya mimi kukiiba.

Nilikwenda sebuleni nikasimama mbele yake na kile kikadi.

"Ulijua!"

"Kifungo cha shati kilikuwa kimekatika," akasema. "Nikaenda kwenye kopo lako kutafuta kingine."

"Miezi miwili, baba watoto! Kwa nini hukusema?"

"Wewe si mwizi. Nikajua una sababu." Alikuwa anayasema hayo huku akiutazama mkono wa kiti. "Unajua sijui kuogelea. Nikadhani unaniogopea maji. Nikasema, kama mke wangu anaogopa, basi, ibaki nchi kavu. Rangi yake si mbaya kuitazama."

Miezi saba ya kazi yake alikuwa amenipa mimi, kwa ajili ya hofu ambayo sikuwa nayo.

"Mimi sikuogopei maji," nikamwambia. "Nakuogopea hicho kiti. Kama hicho ndicho kilichommaliza kaka yako."

Akakitazama kiti mkono wa kulia, akakitazama mkono wa kushoto, kisha akainuka polepole.

"Mbona hukusema?"

"Na wewe je?"

Akanyoosha kiganja. "Haya, lete kifaa. Na utie saini ya kurudisha."

Nikatia.

Asubuhi yake nilisikia msumeno uani. Nilipotoka, kiti cha dirishani kilikuwa kimekatwa miguu na kufungwa ndani ya boti kwa boliti nne, kwenye yale matundu manne, na mto wangu wa kijani juu yake.

"Abiria amejulikana," akasema.

Tuliishusha ziwani Jumamosi, wakisukuma wale wale sita na wakishauri wale wale kumi. Tulivaa majaketi ya kuokolea, mimi langu nikiwa nimelipunguza kiunoni. Injini ilikataa mara tatu, ya nne ikatoa moshi mweusi, ikawaka. Nilikaa kwenye kiti nilichokichukia kuliko vyote duniani, nimekishika mikono yote miwili, na upepo ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Mume wangu alikuwa anaimba. Tulipofika mbali kidogo na ufuko, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Aliinuka mara moja, spana tayari mkononi, uso unang'aa. Akafungua kifuniko, akachungulia ndani. Kisha akanigeukia.

"Fungua mikono," akasema.

Nikakiachia kiti, nikafungua mikono yote miwili.

"Safari hii," nikamwambia, "si mimi."